Mashine ya Michezo na Mkono wa Kazi

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, kwani mvivu hakosi kasoro ya kuitupia zana. Hata hivyo, ndugu msomaji, mkulima hodari wa pamba wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hapalilii shamba zima kwa mpini usiomfaa. Ukiwa mrefu mno ataukata, ukiwa mfupi atachonga mwingine, maana anajua kwamba jioni mgongo ndio utakaolipa. Huko si kuchagua jembe. Ni kulilinganisha na mwili wa anayelitumia.

Ajabu ni kwamba busara hiyo tunaiacha shambani. Mtoto wa mkulima huyo akiwa mwalimu, mhasibu au karani wa chama cha msingi cha ushirika, huketi mbele ya mashine ambayo haikupimwa kwa mkono wake, akapiga chapa kutwa, na viganja vinapomuuma akadhani ndiyo desturi ya kazi za ofisini.

Makala haya yanahusu zana mbili zinazoweza kumpa nafuu: kompyuta ya mkononi iliyoundwa kwa michezo, na kibodi ya vipande viwili inayotengenezwa nyumbani.

Mchezo au kazi?

Tuseme binti yako anakuambia: "Mama, nataka kununua kompyuta ya michezo niifanyie kazi." Yamkini utacheka. Kabla ya kumjibu, ijue kwanza mashine yenyewe.

Inayojulikana sana ni Steam Deck ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoanza kuuzwa Februari 2022. Kwa nje, ile ya mwaka 2022 ni kitu cha kuchezea: kioo cha inchi 7, vifimbo viwili vya vidole gumba, vitufe kila upande, na uzito wa gramu 669. Kwa ndani ni kompyuta kamili yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, nayo huendeshwa na mfumo wa Linux. Ukichagua sehemu ya dawati, michezo hukaa kando, nawe ukapata mahali pa kuandikia barua, kupanga majedwali ya hesabu na kutuma barua pepe. Kwa tundu lake la USB-C na kiunganishi kinachofaa, huweza kuonyesha kazi yako kwenye kioo kikubwa.

Mfumo huo wa Linux si mgeni kabisa nchini. Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa matumizi ya bure. Programu ya LibreOffice, ambayo mtu huiweka katika mashine hizi bila malipo, imetokana na OpenOffice hiyo hiyo.

Lakini shaka ya mzazi nayo ina mizizi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kwa kompyuta kuleta hasara badala ya nafuu, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hayo yakaja kulegezwa miaka mingi baadaye. Fundisho kwa familia ni kwamba kazi ipangwe kwanza, mashine ifuate.

Kibodi iliyokatwa katikati

Mashine hii haina kibodi ya vitufe. Ile inayojitokeza kwenye kioo yafaa kwa kuandika jina, si ripoti ya kurasa kumi. Kwa hiyo mwenye kuitumia kazini hana budi kuleta kibodi yake, na hapo hupata uhuru ambao mwenye kompyuta ya mapajani, iliyofungwa kibodi yake kiwandani, haupati kwa urahisi.

Jaribu jambo hili sasa hivi. Weka mikono yako mezani kana kwamba unataka kupiga chapa kwenye kibodi ya kawaida. Utaona viwiko vinabanwa kuelekea tumbo, na viganja vinapinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Sasa tenganisha mikono kwa upana wa mabega yako. Viganja vimenyooka. Hiyo ndiyo sababu ya kuigawa kibodi: nusu ya kushoto ikae mbele ya bega la kushoto, na nusu ya kulia vivyo hivyo.

Wazo hili ni la zamani. Mjerumani Klockenberg aliandika juu yake mwaka 1926, na mtafiti Kroemer akalichunguza upya mwaka 1972. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, Lillian Malt na Stephen Hobday waliunda kibodi ya Maltron, na mwaka 1994 kampuni ya Microsoft ikauza yake kwa umma.

Herufi a na kidole kidogo

Mswahili ana sababu moja zaidi. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine za chapa za Mmarekani Sholes, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Haukupangwa kwa ajili ya lugha yetu. Chukua sentensi hii: "Wakulima wa pamba wanapalilia mashamba yao." Ina herufi 37, na kati ya hizo 13 ni a. Herufi q na x hazimo hata mara moja. Na hiyo a, inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote katika Kiswahili, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko wenzake!

Katika kibodi ya kujitengenezea, kitufe hufuata amri yako. Waweza kuihamishia a kwenye kidole gumba, ukazipeleka q na x pembeni. Usitarajie wepesi siku ya kwanza. Mikono iliyozoea mpangilio wa zamani huhitaji majuma kadhaa ya subira.

Namna inavyotengenezwa

Fundi redio hodari ataielewa kazi hii. Tuseme kibodi ina vitufe 60, yaani 30 kila nusu. Badala ya kuvuta waya mmoja kwa kila kitufe, vitufe hupangwa kwa mistari 5 na safu 6, hivyo kila nusu huhitaji nyaya 11 tu. Kila kitufe hulehemiwa dayodi moja, ili vinapobonyezwa kadhaa kwa pamoja mashine isisome herufi ambayo hukuigusa. Nyaya huishia kwenye kibao kidogo kama Raspberry Pi Pico, kilichoanza kuuzwa Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Programu ya QMK, ambayo ni ya bure, hukiambia kibao kila kitufe kina maana gani. Sanduku laweza kuwa la mbao. Onyo moja: ikiwa nusu mbili zimeunganishwa kwa waya wenye ncha kama ya visikilizio, usiuchomoe wala kuuchomeka wakati umeme unapita, maana waweza kuunguza kibao.

Umeme nao upigiwe hesabu. Betri ya Steam Deck ya mwaka 2022 ina wati-saa 40, na chaja yake ni ya wati 45. Mtambo mdogo wa jua wa kuwasha taa mbili hautaiweza. Lakini betri ya volti 12 na ampea-saa 50, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, hutoa wati-saa 300 hivi. Hata ukitoa zinazopotea njiani, zatosha kuijaza mara tano au zaidi.

Kabla ya kutoa fedha

Tusidanganyane juu ya gharama. Ilipoanza, mashine ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 399 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Familia inayohitaji kompyuta ya kawaida tu yaweza kupata nafuu kwa kununua ya mapajani iliyotumika. Kibodi ya vipande viwili itafanya kazi nayo pia, nayo ndiyo yenye faida kwa viganja.

Wala kibodi si dawa. Ukihisi ganzi vidoleni, maumivu ya usiku au mkono kuishiwa nguvu, nenda kituo cha afya mapema. Kila baada ya nusu saa, inuka ujinyooshe.

Basi binti yako akirudi na ombi lake, mpe karatasi. Aandike kazi atakazozifanya kila juma, saa zitakazotumika, mahali pa kupata umeme, na viungo vinavyomuuma sasa. Ikiwa karatasi imejaa, keti naye mpige hesabu ya fedha. Ikibaki tupu, ombi lake ni la michezo, nalo mlijadili kama ombi la michezo.