Skrini nyeusi baada ya kuweka draiva ya NVIDIA? Usikimbilie kufomati

Mpiga picha anashuka kutoka Kreta ya Ngorongoro, picha za wageni zimejaa kwenye laptopu. Akifika Karatu anaona video inakwama-kwama. Anashusha draiva ya NVIDIA mtandaoni, anawasha kompyuta upya. Skrini nyeusi tii! Fundi anamshauri afomati. Akikubali bila kuhamisha picha kwanza, kazi ya safari nzima imekwenda.

Kumbe mara nyingi diski ni nzima na picha zipo. Kilichogoma ni draiva tu.

Kwa nini inagoma?

Ubuntu huja na draiva huria iitwayo Nouveau. Inaonyesha picha, ila kazi nzito ya video huizidi nguvu. Draiva ya NVIDIA yenyewe ina kasi, lakini lazima iendane na kerneli, yaani kiini cha Linux. Ukiiweka kwa faili la tovutini, kerneli ikisasishwa draiva inaweza kubaki nyuma.

Mei 2022 NVIDIA iliweka wazi msimbo wa sehemu inayoingia kwenye kerneli, lakini kwa kadi za Turing za mwaka 2018 na zilizofuata. Laptopu ya mtumba yenye kadi ya zamani zaidi bado inategemea draiva iliyofungwa.

Kikwazo kingine ni Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva isiyo na saini. Ubuntu ikikuomba utunge nenosiri wakati wa kuweka draiva, likumbuke. Ukiwasha upya, chagua "Enroll MOK" uliandike. Ukiruka hatua hiyo, draiva haitafanya kazi.

Ufanye nini?

Kwanza, washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, uhamishe picha kwenye diski ya nje.

Pili, washa tena ukibonyeza Esc au Shift, ingia "Advanced options", jaribu kerneli ya zamani.

Tatu, ondoa draiva uliyoshusha kwa amri ya sudo nvidia-uninstall. Kisha andika sudo ubuntu-drivers install, mfumo wenyewe uchague inayofaa.

Upakuaji huo hula mamia ya megabaiti. Kwa hiyo maliza yote ukiwa Karatu, bando likiwepo na mtandao ukiwa mzuri, kabla hujavuka Lango la Lodoare. Na usiguse draiva usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.