Ngozi ya Chura Yaonyesha Namna ya Kumlinda

Mvua za kwanza zinaponyesha Miasenyi baada ya kiangazi, usiku hujaa sauti za vyura kwenye silanga zilizokuwa kavu. Wengi hujiuliza walikuwa wapi. Jibu limo katika miili yao, na jibu hilo ndilo linaloonyesha namna ya kuwalinda wakati hali ya hewa inabadilika.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi, hasa ya tumbo na mapaja, na hupumua kwa sehemu kupitia ngozi hiyohiyo. Kwa kuwa ni nyembamba na haina magamba, maji huitoka upesi, na dawa za wadudu na magugu huipenya kwa urahisi.

Vyura wa nyanda kavu wana mbinu zao. Wengine hujichimbia ardhini na kungoja mvua. Chura wa mitini wa jamii ya Chiromantis, anayetaga ndani ya povu juu ya maji, hugeuka mweupe juani ili asipate joto jingi. Mkojo wake ni mzito kama wa ndege au mjusi, hivyo hapotezi maji mengi. Lakini viluwiluwi wake hawana kinga hiyo. Wakishaanguka majini, huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuota miguu. Silanga ikikauka mapema, kizazi cha msimu mzima hufa.

Milimani mambo ni tofauti. Chura Callulina dawida, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 2009, hupatikana katika misitu ya Milima ya Taita pekee duniani. Hahitaji silanga, lakini hawezi kuishi bila kivuli na unyevu wa msitu. Mlima Sagalla, karibu na Voi, una ndugu wa vyura asiye na miguu, anayefanana na mnyoo: Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa mwaka 2005. Yeye huishi ndani ya udongo laini wenye unyevu, na mikaratusi hukausha udongo huo.

Ndiyo maana watafiti hupima kasi ambayo chura hupoteza maji na joto la juu analoweza kustahimili. Vipimo hivyo vikilinganishwa na hali ya msituni na shambani, hujulikana ni nani ataumia kwanza na wapi pa kuanzia kazi.

Wakazi wanaweza kusaidia hivi:

- Bomba la kunyunyizia dawa lisioshewe silangani.
- Matope ya silanga yaondolewe ikiwa kavu, si wakati viluwiluwi wamo majini.
- Vichaka na miti iliyo ukingoni isikatwe.
- Milimani, miti ya kiasili ipandwe badala ya mikaratusi, hasa karibu na chemchemi.

Maji hayo ndiyo yanayonyweshwa mifugo pia. Sumu inayoua kiluwiluwi leo haiishii kwake.