Hipoksia kwa Marubani: Dhana, Dalili na Suala la Istilahi

Msafiri anayeondoka Bungoma kwa matatu, akapitia Webuye na Kiminini hadi Kitale, hupanda takriban mita 500 bila kuhisi lolote. Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale uko karibu mita 1,900. Kando ya njia hiyo Mlima Elgon unainuka hadi mita 4,321 katika kilele cha Wagagai, upande wa Uganda. Makala haya yananuia kueleza kinachompata rubani anapovipanda viwango kama hivyo kwa dakika chache tu, na kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tunayoyatumia kuieleza hali hiyo yanapotosha.

Aghalabu husemwa kwamba huko juu "hakuna hewa". Kauli hii si sahihi. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa ya Mombasa, ya Kitale na hata ya kilele cha Elgon. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani ile nguvu inayoisukuma oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Kitale, kanieneo hiyo ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kwenye mita 5,500 ni nusu tu. Mwenyeji wa Kitale hadhuriki kwa kuwa mwili wake umezoea na kuongeza chembechembe nyekundu za damu. Rubani hana fursa hiyo: mwili huhitaji siku na majuma, naye amepanda kwa robo saa.

Hapa ndipo istilahi inapokuwa jambo la uhai na mauti. Tukiiita hipoksia "kukosa pumzi", tunamfundisha rubani asubiri kubanwa kifua. Hatabanwa. Ile dhiki ya mtu anayezama au kufunikwa uso husababishwa hasa na hewa ya ukaa inayorundikana mwilini. Angani rubani anaendelea kuitoa hewa hiyo kama kawaida, kwa hivyo king'ora cha mwili hakilii. Badala yake huweza kujiwa na furaha isiyo na sababu, akajiona hodari kuliko siku zote. "Njaa ya oksijeni" nayo haifai, maadam njaa huuma. Binafsi naona kwamba "ulevi wa mwinuko" ungeeleza zaidi, kwani mlevi ndiye mtu wa mwisho kukiri kuwa amelewa. Hata hivyo, istilahi hipoksia imeshaanza kuzoeleka, na si nia yangu kuing'oa.

Dalili nyingine ni kizunguzungu, kichwa kuuma, ganzi ya vidole, uwezo wa kuona kufifia pembeni, kucha na midomo kugeuka rangi ya buluu, na makosa katika hesabu nyepesi. Uwezo wa kuona usiku huanza kupungua mapema, kuanzia karibu mita 1,500. Hivyo basi, anayeruka usiku kutoka Kitale ameshavuka mpaka huo kabla hajapaa. Sigara, pombe na upungufu wa damu, ukiwemo ule unaoachwa na malaria, huishusha mipaka hiyo zaidi.

Sheria za kimataifa humtaka rubani wa ndege za abiria atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 kati ya futi 10,000 na 13,000 (kama mita 3,000 hadi 4,000), na wakati wote akizidi hapo. Kanuni hii inaihusu sana njia ya Kitale hadi Nairobi, ambayo imewahi kuhudumiwa na ndege ndogo zisizo na mfumo wa kuongeza kanieneo ndani. Mnamo 5 Juni 2018 ndege moja ya aina hiyo iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, watu 10 wakafariki. Sidai kwamba hipoksia ndiyo iliyosababisha ajali hiyo; naitaja ili msomaji aone jinsi ardhi yenyewe inavyoilazimisha ndege kupanda.

Ndege kubwa zina mfumo huo, lakini ukiharibika muda ni mfupi mno. Kwenye mita 10,700 rubani hubakiwa na sekunde 30 hadi 60 za akili timamu. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya Helios iliyotoka Cyprus ilianguka karibu na Athens na kuwaua wote 121 waliokuwemo. Swichi ya kanieneo ilikuwa imeachwa mahali pasipofaa, na king'ora kilipolia marubani walikidhania kuwa cha hitilafu nyingine.

Kwa mwanaisimu, kisa cha Marekani cha mwaka 2008 kina mvuto wa pekee. Rubani wa ndege ya mizigo alisikika redioni akivuta maneno kama mlevi. Waongozaji wa ndege waliitambua hatari kwa kuisikiliza sauti hiyo, wakamwamuru ashuke; alipofika chini, matamshi yake yakanyooka.

Kwa sababu hiyo mafunzo hufanywa katika chumba maalumu ambamo kanieneo hupunguzwa. Mwanafunzi huvua barakoa ya oksijeni, akapewa karatasi aandike jina lake na kukokotoa hesabu. Dalili hutofautiana baina ya mtu na mtu, lakini kwa mtu mmoja aghalabu hujirudia, na ndizo anazotakiwa kuzikariri. Akisharejeshewa oksijeni huonyeshwa karatasi yake. Wengi huwa wanakumbuka kwamba waliandika vizuri.