Darubini ya Eksirei Iliyoitwa Uhuru: Kwa Nini Ngomeni?



Juzi mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Mombasa, kaniuliza darasani: "Profesa, hii fizikia ya mashimo meusi inatuhusu nini sisi?" Wenzake wakacheka. Mie sikucheka, maana swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko kwao, mwendo mfupi tu kaskazini ya Malindi. Naliandika hapa kwa kuwa nimegundua hata wasomi wetu wengi hawana habari nalo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Eksirei zitokazo kwenye nyota hazifiki ardhini. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10 hivi, na eksirei hazipenyi hapo (afadhali, la sivyo tusingekuwepo). Mtu akitaka kuziona hana budi kupandisha chombo juu ya hewa. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani, ikakaa juu dakika chache tu, wakagundua Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Lakini dakika chache ni nini, jamani? Ni kama kuliangalia soko kupitia dirisha la basi linalopita. Unaona kuna watu, hujui nani anamuuzia nani.

Basi wakabuni setilaiti. Roketi waliyopewa, aina ya Scout, ilikuwa ndogo, kwa hiyo chombo kizima kilikuwa na uzito wa kilo 140 na kitu. Hakikuwa na vioo. Kilikuwa na masanduku ya gesi yaliyotazama pande mbili zinazopingana, kila upande sentimita 840 za mraba. Eksirei ikiingia, gesi inatoa chaji ya umeme, nayo inahesabiwa. Mbele ya masanduku waliweka vijibomba vyembamba: upande mmoja vyenye uwazi wa nusu digrii, ili kujua mahali penyewe, na upande wa pili digrii 5, ili kuona vilivyo hafifu. Chombo kilizunguka polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, kikifagia anga. Basi!

Sasa, kwa nini Ngomeni? Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha jukwaa la San Marco baharini pale, karibu digrii 3 kusini ya ikweta, na tangu 1967 wakirusha roketi. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka ikweta, dunia yenyewe inakusukuma kwa mita 465 kila sekunde, bure kabisa. Kubwa zaidi ni hili: juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini ukanda wa mionzi unaoizunguka dunia unashuka chini, na chombo kinachopita humo hesabu zake huvurugika kwa protoni. Anayezunguka juu ya ikweta hulikwepa sehemu kubwa ya eneo hilo. Kwa mwenye kuhesabu eksirei mojamoja, hilo si jambo dogo.

Ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend wa NASA akapendekeza iitwe Uhuru. Jina la Kiswahili hilo, na limo katika vitabu vya fizikia hadi leo.

Na je, ililipa? Chukueni Centaurus X-3. Uhuru iliona inapigapiga kila sekunde 4.8, kisha kila baada ya siku 2 na kidogo inapotea kwa muda na kurudi. Roketi ya dakika tano isingeona hivyo kamwe. Maana yake: nyota ya nutroni inayozunguka nyota kubwa, inafichwa nyuma yake, na inainyonya gesi. Gesi ikianguka pale hutoa zaidi ya asilimia 10 ya nishati iliyo katika tungamo lake. Kuunguza hidrojeni ndani ya jua hutoa asilimia 0.7 tu. Na mtikisiko wa haraka wa Cygnus X-1 ndio ulioanzisha hoja ya shimo jeusi, ambalo leo linapimwa kuwa na uzito wa majua 21 hivi. Katalogi ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Jukwaa lilirusha roketi ya mwisho mwaka 1988. Hapo ndipo naumia. Desemba 2021 NASA ilipotaka kuiweka IXPE, darubini nyingine ya eksirei, juu ya ikweta, ilirushwa kutoka Florida, digrii 28 kaskazini, kwa roketi kubwa ya Falcon 9 iliyobidi ikunje njia kule juu. Chombo chenyewe ni kilo 330 tu! Faida ya mahali haijaondoka, walioondoka ni warushaji. Antena lakini bado zipo: data za IXPE hushushwa Malindi, hapohapo, kisha zinapelekwa Marekani kuchambuliwa.

Nimemwambia kijana wangu data hizo huwekwa wazi baadaye kwa yeyote mwenye kompyuta na subira. Keshaanza kujifunza kuzisoma. Na kama kuna mwenzetu mwenye mzee wa Ngomeni aliyekuwepo siku ile ya 1970, tafadhali atuandikie alichokiona.

Wasalaam.