Gasketi ya lori linalopanda Newala

Lori linalotoka Masasi na shehena ya saruji kwenda Newala huukwea ukingo wa uwanda wa Makonde kwa gia nzito, na mwenye kuongeza nguvu ya turbo ili apande haraka huibebesha mzigo wa nguvu hiyo gasketi ya silinda hedi. Ikiungua, dukani atashauriwa anunue ya tabaka za chuma kwa kuwa ndiyo ngumu. Ushauri huo una msingi: hedi ya aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya bloku ya chuma, na tabaka hizo huteleza nayo, ilhali gasketi ya grafiti huvutwa huku na huku hadi ichanike. Lakini tabaka za chuma hazizibi mikwaruzo. Zinataka uso ambao ukwaru wake ni kama mikroni moja tu, na uso huo hutoka kwenye mashine, hautoki kwenye msasa na kipande cha ubao. Hedi iliyosuguliwa kwa mkono itavujisha gasketi ya bei kubwa kabla ya ile ya grafiti, inayojaza mabonde madogo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uso upimwe kwanza, gasketi inunuliwe baadaye.

Wapo watakaosema msimu wa korosho hausubiri foleni ya mashine, na kwamba silikoni itafidia. Haitafidia: ndani ya silinda ya dizeli yenye turbo mgandamizo huzidi baa 100, na silikoni husukumwa nje. Asiyeweza kufika kwenye mashine afunge ya grafiti na aiache turbo ilivyokuwa. Wengine huchagua gasketi nene kwa sababu hedi imekwanguliwa. Kwenye dizeli nyingi unene hufuata kimo cha pistoni juu ya bloku, na kukwangua hedi hakukibadilishi. Kinachopaswa kuangaliwa hapo ni valvu zimezama kiasi gani. Nene kupita kiasi hupunguza mgandamizo, injini ikawa ngumu kuwaka asubuhi.

Na gasketi ikiungua tena, kosa huenda si lake. Kule juu Newala maji huchemka digrii mbili hivi mapema kuliko Mtwara pwani, na kinga ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Springi yake ikilegea, maji hutokota kwenye mlima, hedi hupinda, na hakuna gasketi itakayoziba uso uliopinda. Mfuniko huo upimwe kabla hedi haijafunguliwa.