Mke Kibirizi, mume Bujumbura: kodi ya mapato ni ya nani?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, ya mwaka 2004, humtoza kila mtu peke yake. Mke na mume hawajazi ritani moja, wawe wanalala chumba kimoja au wametenganishwa na Ziwa Tanganyika.

Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, ambaye mumewe ameajiriwa Bujumbura huhesabiwa mauzo yake tu. Hela anayotumiwa na mume kwa ajili ya mboga na ada za watoto si mapato, maana kinachotozwa ni mapato ya ajira, biashara na uwekezaji. Hata akinunulia magunia ya dagaa, huo ni mtaji.

Utata uko kwa mume. Wengi husema aliyevuka ziwa keshaikimbia kodi. Si kweli. Anayekaa Tanzania siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi, lakini hata wa siku chache ni mkazi iwapo ana makazi ya kudumu nchini. Aliyejenga Ujiji, mkewe na watoto wakiishi humo, akija wiki moja tu ya Idi anaweza kuingia hesabuni kwa mwaka mzima. Na mkazi, kwa kawaida, hutozwa mapato yake yote popote yalikopatikana, mshahara wa Bujumbura ukiwemo.

Kinachomwokoa ni karatasi. Kodi iliyokatwa Burundi hupunguzwa kwenye kodi ya Tanzania ya mapato hayohayo, ila haizidi kiasi ambacho kingedaiwa hapa. Asiye na hati ya mshahara yenye makato hana cha kuonyesha. Kati ya majirani wa ziwa hili, Zambia ina mkataba na Tanzania wa kuzuia kutozwa mara mbili. Burundi na Kongo hazina mkataba wa namna hiyo unaotumika, lakini nafuu hii ya kupunguziwa imo ndani ya sheria yenyewe ya Tanzania.

Asiye mkazi hudaiwa kwa kilichotoka Tanzania tu, kama pango la nyumba yake ya Mwanga.

Kwa upande wa ritani, Marekani ni kinyume cha Tanzania: wanandoa huweza kujaza moja kwa pamoja. Aliyehamishiwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akamwacha mkewe Kasulu, anaweza kuchagua hivyo, ila mapato ya mke nayo yataingia.

Mwajiri wa Bujumbura haikatii Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) chochote, kwa hiyo mume aliye mkazi hujaza mwenyewe: makadirio kabla ya Machi kwisha, ritani ya mwaka ifikapo 30 Juni ya mwaka unaofuata. Pasipoti yenye mihuri isitupwe. Ndiyo inayohesabu siku.