Siku na Mwendo: Kuhesabu Safari ya Kigari cha Mirihi kwa Kiswahili

Makala haya yanajadili swali linalomkabili mapema mfasiri wa habari za anga: taarifa inaposema kuwa kigari cha utafiti katika Mirihi kimekwenda mita kadhaa "kwa siku", ni siku ipi inayokusudiwa?

Kutoka adhuhuri moja hadi nyingine, Mirihi huchukua saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Wanasayansi huuita muda huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya jua, ambalo likitoholewa huwa soli. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo, kigari Opportunity, kilichotua Januari 2004 na kunyamaza Juni 2018, kilifikisha soli 5,111, yaani takriban siku 5,250 za Dunia. Mfasiri aandikaye "siku 5,111" amefuta zaidi ya miezi minne. Tena hesabu haina mwanzo mmoja: soli ya kutua kwa Opportunity ilikuwa 1, ilhali kwa Curiosity, kilichotua Agosti 2012, ilikuwa 0. Kwa hiyo "soli namba 100" ni salama kuliko "soli ya 100", kwani kwa Curiosity hiyo ni ya mia na moja. Kweli, soli kwetu ni ya kiatu. Lakini muktadha hutenganisha, na "siku ya Mirihi" yafaa kutumika mara ya kwanza kama ufafanuzi.

Neno mwendo nalo lahitaji uangalifu zaidi. Kwa kawaida amri hupelekwa asubuhi ya Mirihi, nacho kigari huzitekeleza chenyewe, maana ishara ya redio huchukua baina ya dakika 3 na 22 kufika. Baadaye hutuma picha na vipimo kupitia vyombo vinavyoizunguka sayari. Idadi ya mizunguko ya magurudumu si ushahidi tosha. Aprili 2005 Opportunity kilikwama katika tuta la mchanga. Magurudumu yakazunguka, kigari kisiende, na hakikunasuka mpaka Juni. Ndiyo sababu picha za kabla na baada ya kusogea hulinganishwa. Kuzunguka si kwenda, na taarifa hupotosha inapotumia kitenzi kimoja kwa yote mawili.

Wastani pia hudanganya. Kilomita 45.16 za Opportunity zikigawanywa kwa soli zake hutoa karibu mita 9, ilhali katika soli moja ya Machi 2005 kilikwenda mita 220, na katika soli nyingi hakikusogea kabisa.